Mahandaki ya Wachagga: Siri Iliyolala Chini ya Migomba

Mahandaki ya Wachagga ni njia na vyumba vilivyochimbwa kwa mkono chini ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, vya Mlima Kilimanjaro, ili wazee, akina mama, watoto na mifugo wapate pa kujificha wakati wa vita. Yalichimbwa zama za wamangi, watawala wa jadi wa Wachagga, kabla ya utawala wa Wajerumani, na masalia yake yanafahamika zaidi upande wa Vunjo, hasa Marangu, Mamba na Kilema. Machache yamefunguliwa kwa wageni. Mengi yamejifukia yenyewe, na juu yake pamepandwa migomba na kahawa kana kwamba chini hapakuwahi kuwa na kitu. Wenyeji wengi huyaita mapango, lakini pango ni kazi ya maji na moto wa ardhini, na handaki ni kazi ya jembe. Tofauti hiyo si ya maneno tu. Pango hukutwa lilipo. Handaki lina mtu aliyelichimba, na mtu huyo alikuwa na sababu.

Sababu yenyewe inaanza kueleweka mtu akisimama Kiboriloni. Hapo ni mashariki kidogo ya mji wa Moshi, kando ya barabara kuu iendayo Himo, penye soko linalojulikana sana kwa mitumba. Kusini ya soko nchi imelala tambarare, kavu na ya wazi, hadi macho yanapochoka. Kaskazini nchi inapanda, na kila hatua kijani kinazidi kukoza. Barabara moja inaacha lami kuu hapo hapo na kupanda Tsuduni na Kidia, katika nchi ya Old Moshi. Ile kuu inaendelea Himo, na kutoka huko njia hugeuka kupanda Marangu. Mpaka huu kati ya tambarare na mteremko ndio uliokuwa ukitazamwa kwa wasiwasi na watu wa mlimani. Adui wa mbali alitokea chini. Adui wa karibu alitokea ng'ambo ya korongo.

Mlima wenyewe ulitoa vifaa viwili vilivyowezesha mahandaki kuwapo: udongo na makorongo. Kilimanjaro ni volkano tatu zilizoungana: Shira, Mawenzi wenye meta 5,149, na Kibo wenye meta 5,895. Kibo haujafa kabisa. Ndani ya shimo la kileleni, lililopewa jina la Richard Reusch, mchungaji wa Kilutheri aliyefanya kazi mlimani na kuupanda mara nyingi, kuna matundu yanayotoa mvuke na harufu ya kiberiti hadi leo. Lava na majivu ya volkano hizo, baada ya kulowa mvua kwa maelfu ya miaka, vimekuwa udongo mzito wa rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu. Udongo huo ni laini kwa jembe na mgumu kwa kusimama. Ukikatwa wima haumomonyoki upesi kama mchanga, na ukichimbwa upande hujishikilia bila nguzo. Mkulima anayeusifu kwa ndizi na kahawa anausifu kwa sifa ile ile iliyomfaa babu yake alipochimba maficho.

Makorongo ni kazi ya mito. Mvua inayonyesha msituni hushuka kwa vijito vingi, na kila kijito kimejikatia bonde lenye kina, kingo zake zikiwa kama kuta. Kati ya korongo na korongo umebaki mgongo wa ardhi, na juu ya migongo hiyo ndipo watu walipojenga. Mtu anayeishi mgongoni ana nyuma ya nyumba yake ukingo wa mto uliojaa miti na majani. Ukingo huo ulikuwa mlango wa asili. Ilitosha kuchimba kutoka nyumbani kuelekea korongoni ili kupata njia yenye pa kuingilia na pa kutokea, na mwisho wake maji ya kunywa.

Migongo hiyo ndiyo iliyogawa siasa pia. Kabla ya ukoloni Wachagga hawakuwa chini ya mtawala mmoja. Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kirua, Kilema, Marangu, Mamba, Mwika, Keni, Usseri na nchi nyingine nyingi zilikuwa na mangi wake kila moja, na lugha yenyewe ilibadilika kadiri mtu alivyovuka mito, hata leo Kimochi, Kivunjo, Kirombo na Kimachame hutambulikana kwa sikio. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848, alikuwa safarini kwenda Kilema, na nchi aliyoikuta ilikuwa na watawala wanaotazamana kwa hadhari. Vita vilipiganwa kwa ajili ya ng'ombe, mateka na kodi. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka pwani iliongeza moto: mangi aliyewapokea wafanyabiashara alipata bunduki na nguo, na mangi mwenye bunduki alimtazama jirani yake kwa jicho jipya. Huko chini tambarare Wamaasai walikuwa na nguvu, mara wakija kama wavamizi wa mifugo, mara wakialikwa na mangi mmoja kumsaidia dhidi ya mwingine. Rafiki wa msimu huu aliweza kuwa adui wa msimu ujao.

Wakubwa walijikinga kwa mawe. Horombo, mangi wa Keni katika Rombo mwanzoni mwa karne ya 19, anakumbukwa kwa ngome za mawe alizojenga na kwa jinsi alivyozishinda nchi nyingi za upande wa mashariki. Jina lake liko leo kwenye kituo cha wapandaji mlima kilicho meta 3,720 kwenye njia ya Marangu. Sina wa Kibosho naye alikuwa na boma la mawe lililosifika kwa uimara, mpaka Wajerumani walipoliteka kwa vita mwaka 1891. Ngome ya mawe husema wazi kwamba hapa yupo mwenye nguvu. Humwita adui aje ajaribu. Kwa sababu hiyo hubaki katika historia, na mjenzi wake hubaki na jina.

Handaki lilikuwa kinyume cha ngome kwa kila hali. Thamani yake yote ilikuwa katika kutojulikana. Lilijengwa na watu ambao hawakuwa na askari wa kuweka ukutani: mtu na ndugu zake, ukoo na majirani wa kihamba kimoja au viwili. Halikujengwa ili libebe jina la shujaa. Wataalamu walioandika juu ya Wachagga wakati wa ukoloni na baadaye, kama Charles Dundas aliyechapisha kitabu chake mwaka 1924 na Kathleen Stahl aliyechapisha chake mwaka 1964, walijaza kurasa nyingi kwa nasaba na vita vya wamangi, kwa kuwa wazee waliowahoji walisimulia wamangi. Historia ya watu waliokuwa wamekaa gizani wakingoja vita viishe haikuwa na wa kuitangaza. Imeandikwa ardhini tu.

Uchimbaji ulihitaji chuma, na chuma kilitoka nje ya mlima. Madini yake yaliyeyushwa Ugweno, katika milima ya Upare Kaskazini, ambako ukoo wa Washana ulijulikana kwa ufundi huo, kisha wahunzi wa mlimani wakafua majembe, mikuki na visu. Jembe hilo hilo lililolima ulezi wa pombe ya mbege lilichimba handaki. Kazi haikuweza kufanywa mchana na kwa kelele kama kazi ya pamoja (msaragambo) ya kuzibua mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba. Hapa masimulizi ya wenyeji yanakubaliana kwamba shida kubwa haikuwa kuchimba, ilikuwa kuondoa udongo. Rundo jipya la udongo kando ya nyumba lingemwambia mpelelezi kila kitu. Kwa hiyo udongo ulibebwa usiku hadi mtoni na kumwagwa majini, na mto ukaubeba kwenda tambarare. Kila kikapu kilichoshuka korongoni kilikuwa sehemu ya siri, na mto ulikuwa mshiriki wake wa kwanza.

Maarifa ya kuchimba hayakutoka hewani. Wachagga walikuwa tayari mabingwa wa kupima mteremko bila chombo chochote. Mifongo yao ilichukua maji mbali juu mtoni na kuyapeleka kwa mwinamo mdogo kabisa, ikizunguka migongo ya ardhi, hadi kwenye vihamba ambavyo mto uliviacha juu, wenyewe ukipita chini sana korongoni. Mtu anayeweza kulifanya jicho lake lijue maji yatakwenda wapi anaweza pia kujua handaki lake litatokea wapi ukingoni, na jinsi ya kuliinamisha ili maji ya masika yasituame ndani. Mfongo na handaki ni ndugu wawili wa elimu moja. Mfongo ulionekana na kusifiwa na wasafiri waliofika mlimani; handaki lilifichwa.

Mpango wa handaki ulifuata hofu hatua kwa hatua. Mlango ulikuwa ndani ya nyumba au karibu yake sana, ukifunikwa usitambulike. Uliachwa mwembamba makusudi, mtu apite kwa kuinama au kutambaa. Anayeingia kwa kutambaa hutanguliza kichwa, mikono yake ikiwa chini na mkuki wake hauna kazi. Mlinzi mmoja aliyesimama ndani gizani alimtosha. Baada ya mlango njia iligeuka, ili mwanga wa mwenge na mshale visifike mbali. Kisha ndani nafasi ilipanuka: mahali pa walinzi, mahali pa familia, mahali pa mifugo, pa kuwekea chakula na pa kuwasha moto mdogo. Njia za pembeni ziliachwa zimchanganye mgeni. Matundu membamba yalipanda juu kuleta hewa, yakitokea kati ya migomba na vichaka ambako moshi kidogo haukushangaza mtu. Mwisho kabisa njia ilitokeza korongoni, karibu na maji.

Kuhusu ng'ombe, watu wa mbali hushangaa iliwezekanaje kumteremsha mnyama ardhini akakaa kimya. Jibu liko katika ufugaji wa mlimani. Vihamba vimesongamana na malisho hayapo, kwa hiyo ng'ombe wa Mchagga alilelewa ndani. Katika msonge wa kale, nyumba ya nyasi iliyofika chini pande zote, watu na mifugo walikaa chini ya paa moja, na majani yalikatwa tambarare au kondeni na kupandishwa kichwani na akina mama. Ng'ombe huyo alizaliwa katika nusu giza, akazoea moshi, sauti za watu na kula mkononi. Kwake handaki lilikuwa msonge mwingine wenye giza zaidi. Ng'ombe wa Wamaasai, aliyezoea anga na kundi, asingekubali. Hivyo mwenendo wa kila siku wa nyumba uliwaandaa watu na wanyama kwa siku ya hatari bila mtu kupanga.

Maisha ndani hayakuwa ya raha, wala hayapaswi kupambwa. Giza lilikuwa kamili. Hewa ilikuwa nzito kwa pumzi na harufu ya samadi. Unyevu wa udongo uliingia mifupani, na usiku wa mlimani, mwezi wa Juni na Julai, ni baridi kali hata kwa aliye kitandani. Chakula kilikuwa kile kinachoweza kuwekwa au kuivishwa kwa moto mdogo: ndizi, maziwa, ulezi. Mtoto mchanga alikuwa mtihani wa watu wote, maana kilio kimoja kingefika juu kupitia tundu la hewa. Mama aliyemnyonyesha gizani, akisikiliza miguu ya watu asiowajua ikipita juu ya kichwa chake, alikuwa anapigana vita kama aliyeshika mkuki juu, na kimya chake kilikuwa ngao ya ukoo mzima. Hesabu ya vita vya mlimani ikifanywa kwa haki, sharti mama huyo ahesabiwe.

Handaki lilikuwa na udhaifu wake pia. Adui aliyegundua mlango hakulazimika kuingia. Aliweza kuwasha majani mabichi mlangoni na kuusukuma moshi ndani, na hapo ndipo matundu ya hewa na mlango wa korongoni vilipoamua nani aishi. Mvua za masika, zinazonyesha mlimani kwa nguvu kati ya Machi na Mei, ziliweza kulainisha paa. Lakini hatari iliyozidi zote ilikuwa mdomo. Mahandaki yalijulikana kwa jumla, hata kwa maadui, kwa kuwa nao walikuwa nayo; lisilojulikana lilikuwa mahali. Mateka mmoja, mwenye kinyongo mmoja, mtu mmoja aliyeahidiwa ng'ombe, aliweza kuliuza handaki lote kwa sentensi moja.

Ndiyo maana siri ilitunzwa kwa njia ya urithi. Kihamba hupita kwa baba kwenda kwa mwana, na kwa desturi mwana wa mwisho ndiye hubaki katika nyumba ya wazazi. Aliyeirithi nyumba alirithi na kilicho chini yake. Hakuna ramani iliyochorwa. Mtoto alionyeshwa mlango alipofika umri wa kuaminiwa, akapitishwa gizani akihesabu hatua na kona, akiijua njia kwa kiganja cha mkono ukutani. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata; hapa kata ilikuwa ukoo. Ardhi hiyo hiyo ilikuwa pia makao ya waliotangulia, kwa kuwa Wachagga huzika wafu wao kihambani, penye masale, mmea wa majani marefu unaotumika kuweka mipaka, kuombea msamaha na kutia alama makaburini. Aliyeshuka handakini alishuka upande waliko babu zake. Kwa imani ya wakati ule hakuwa peke yake.

Kujificha ardhini hakukuwa kwa Wachagga tu. Wairaqw wa Mbulu walichimba nyumba zao ubavuni mwa vilima, paa la udongo likiwa sawa na ardhi, ili Wamaasai wapite bila kuziona wala kuona mifugo. Kwenye mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, msafiri Joseph Thomson alikuta mwaka 1883 watu wakiishi na ng'ombe wao ndani ya mapango makubwa. Nje ya Afrika, huko Kapadokia katika Uturuki, watu walichimba miji mizima chini ya ardhi kama Derinkuyu, yenye maghala, mazizi na milango ya mawe ya kuviringisha. Nako ni nchi ya volkano, na mwamba wake umetokana na majivu. Binadamu waliotengana kwa maelfu ya kilometa waligundua jambo moja: mlima uliowahi kutapika moto huacha nyuma yake ardhi inayokubali kumpokea mtu.

Kuna mahandaki mengine duniani yanayosaidia kuyaelewa haya kwa kulinganisha. Chini ya vyuo vikuu vingi vya Marekani kuna njia ndefu zilizojengwa kupitisha mabomba ya mvuke. Teknolojia hiyo ilianza mjini Lockport, jimbo la New York, mwaka 1877, pale Birdsill Holly alipopeleka mvuke wa tanuri moja kwa mabomba hadi nyumba nyingi, ili kila nyumba isiwashe moto wake wakati wa baridi kali. Vyuo viliipokea, na kwa vizazi kadhaa wanafunzi wamekuwa wakipenya mahandaki hayo kwa siri, mara nyingi bila ruhusa, wakivumilia joto na hatari ya kuungua ili waone upande wa pili wa chuo chao. Kinachowavuta kinafahamika. Kila mahali panapoonekana pana mahali pasipoonekana panapopabeba, na mwanadamu hutaka kukijua kinachombeba.

Lakini tofauti ni kubwa kuliko mfanano. Handaki la mvuke lilichorwa na mhandisi kabla ya kuchimbwa. Michoro yake iko ofisini, na fundi akitaka kujua bomba linapita wapi hufungua kabati. Mwanafunzi anayelipeleleza anatafuta siri mahali ambapo haipo. Handaki la Mchagga halikuwahi kuchorwa, na lau lingechorwa lingekuwa limekwisha kazi siku hiyo hiyo. Mchoro wake ulikuwa vichwani mwa watu wachache, na watu hao walikuwa wanakufa bila kuuandika popote, kwa makusudi. Hapo ndipo penye kitendawili cha mahandaki haya: siri iliyookoa maisha ya watu ndiyo inayoyafuta mahandaki yenyewe sasa.

Kazi ya mahandaki ilikoma haraka Wajerumani walipoitiisha nchi. Rindi, mangi wa Old Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, alifariki mwaka 1891. Mwanawe Meli aliwapiga Wajerumani mwaka 1892 na kumuua kiongozi wao, von Bülow, kisha akashindwa mwaka 1893. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Vita vya nchi na nchi vilizimwa kwa mtutu wa wageni. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ilifika tambarare, na mji mpya wa Moshi ukakua penye stesheni, ukiiachia Moshi ya mlimani jina la Old Moshi. Kahawa ikaenea, na mwaka 1933 wakulima wakaunda KNCU, chama chao kikuu cha ushirika. Mahali ambapo watu walishuka kwa hofu sasa walishuka kwa biashara: ndizi, kahawa, maziwa, na baadaye nguo za mitumba katika soko kama la Kiboriloni, ambapo mtu wa Marangu na mtu wa Kibosho hupimana bei bila kuulizana ukoo.

Amani hiyo ni jema kubwa, na hakuna wa kuvililia vita. Hata hivyo ilikuwa na gharama yake kwa kumbukumbu. Handaki lisilo na kazi halikuonyeshwa tena kwa mtoto. Msonge ulibomolewa ikajengwa nyumba ya matofali, na mlango ukafukiwa ili mtoto au ng'ombe asitumbukie. Mizizi ya miti ilipasua paa. Sehemu nyingine ardhi ilibonyea ghafla katikati ya kihamba, na mwenye shamba akajaza mawe na takataka akaendelea kupalilia. Kwa kizazi kimoja au viwili, kitu kilichochukua miezi ya usiku kuchimba kilipotea bila kupimwa hata kwa hatua za miguu.

Yaliyobaki na kufunguliwa Marangu yanafanya kazi njema. Mgeni huingia kwa kuinama akiwa na tochi, huonyeshwa vyumba, hugusa ukuta wenye alama za majembe, na hutoka ameelewa kwa mgongo wake yale ambayo kitabu kingemwambia kwa macho tu. Ila kutembelea si kuhifadhi. Handaki linalotembelewa huhitaji kukaguliwa paa kila baada ya masika, matundu ya hewa kuzibuliwa, na idadi ya wanaoingia kupangwa. Handaki lisilojulikana linahitaji tahadhari zaidi. Hewa iliyotuama huweza kumlevya mtu kabla hajajua, na udongo uliolowa huanguka bila onyo. Kijana anayegundua tundu kwenye ukingo wa korongo asiingie peke yake, na wala asilifukie. Amwite mzee wa ukoo, na mzee amwite anayejua kupima.

Wanaojua kupima hawako mbali. Moshi ina vyuo vikuu vyake, na mlimani kuna shule za sekondari karibu kila kata. Chombo cha kupimia, daftari na simu yenye kamera vinatosha kuanza: mahali lilipo, upana wa mlango, urefu wa njia, kona zake, lilipotokea korongoni, na jina la ukoo uliokuwa na kihamba hicho. Cha thamani zaidi ni sauti ya mzee au bibi anayekumbuka alivyosimuliwa na waliosimuliwa na waliokaa ndani. Mfumo wa kihamba wa kijiji cha mlimani cha Shimbwe Juu, wenye migomba, kahawa na miti pamoja, ulitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia. Heshima iliyopewa kihamba kwa kile kinachoota juu yake inastahili kufika chini pia, kwa sababu watu waliolima juu wasingebaki kulima kama chini pasingewaficha.

Siri ilikuwa na haki yake wakati mdomo mmoja uliweza kuua ukoo. Adui huyo hayupo tena. Leo anayeijua njia ya handaki na kunyamaza hamlindi mtu yeyote. Anasaidia mvua na mizizi kumaliza kazi. Ngome za Horombo na Sina zina wa kuzitaja. Mahandaki ya akina mama, watoto na ng'ombe wao yana watu wachache tu waliobaki kuyasemea, na wazee hao hawatangoja. Waulizwe sasa, kihamba kwa kihamba, na wanayosema yaandikwe.